Barua ya wazi kwa bodi ya kampuni yetu: mlango unaolia

Kwa Mwenyekiti wa Bodi, Mkurugenzi Mkuu na wakuu wa uzalishaji

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wakuu,

Shemeji yangu amenunua gari letu. Nasema "letu" kwa mazoea tu. Mimi nimeshaondoka na kitambulisho nilikirudisha getini. Gari lina miezi minne. Juzi akanifuata: "Shemeji, si ulikuwa huko wewe? Hebu njoo usikilize kitu." Tukatoka naye. Barabara ikiwa nzuri, kimya. Tairi ikigusa tuta tu, mlango wa nyuma wa kushoto unaanza: tk, tk, tk, kama mtu aliyefungiwa ndani anayeomba kwa adabu atolewe.

Sikuhitaji kuufungua mlango ili kujua, lakini niliufungua, maana mkono wa mkaguzi una kiburi chake. Unatoa skurubu mbili za mpini, unapenyeza kipande cha plastiki ubavuni mwa kava, ukilivuta taratibu klipu zinaachia moja moja. Kava la mlango ule liliundwa lishikwe na klipu tisa. Nikahesabu saba. Matundu mawili ya chini yalikuwa wazi, masafi, hayajawahi kuingizwa kitu tangu chuma kitobolewe. Na soketi ya swichi ya kioo ilikuwa imeingia nusu. Umeme unapita, kioo kinapanda na kushuka, lakini soketi haijabofya; inacheza mle ndani na kugonga chuma.

Klipu zile mbili hakuna aliyezisahau. Ziliondolewa kwa makusudi, na mimi nilikuwemo kwenye kikao kilichoziondoa. Soketi ni habari nyingine, nitaifikia.

Naandika hadharani kwa sababu kwa njia za ndani nimeshaandika mara tatu. Mara zote tatu nilishukuriwa sana.

Mnijue kidogo. Miaka kumi na tisa nimefanya kazi kwenye bodi. Siyo ya kwako, Ndugu Mwenyekiti. Ya kwako ina viti vya ngozi. Yangu ni ya chuma, inaingia upande mmoja wa jengo ikiwa tupu kama kopo na kutokea upande wa pili ikiwa gari. Miaka saba ya kwanza nilikuwa nafunga milango. Kumi na miwili iliyobaki nilikuwa mkaguzi wa geti la mwisho, pale penye taa nyeupe kali zinazomfanya kila mtu aonekane mgonjwa. Nimepitisha vidole kwenye pengo kati ya mlango na ubavu wa gari mara nyingi kuliko nilivyowashika watoto wangu mkono. Sijivunii hilo, nalitaja ili mjue anayesema ni nani.

Kikao cha klipu kilichukua kama dakika ishirini. Kijana wa manunuzi alionyesha hesabu: klipu mbili kila mlango, milango minne, mara idadi ya magari ya mwaka. Klipu ni kitu kidogo ambacho kikidondoka sakafuni hakuna anayeinama kukiokota, lakini ukikizidisha hivyo kinakuwa fedha ya kuonekana kwenye ripoti yenu. Mhandisi wa milango, kijana mtulivu, akasema ukingo wa chini wa kava utakuja kutikisika. Akaulizwa, "Una data?" Hakuwa nayo. Jaribio la kuutikisa mlango, ambalo lingempa hiyo data, lilikuwa limefutwa kwenye ratiba miezi miwili nyuma ili gari liwahi sokoni. Mwenye kikao akatuzungushia macho: "Tuko pamoja?" Tukaitikia kwa kichwa. Mhandisi naye akaitikia. Na mimi.

Kichwa changu kile kimenisumbua muda mrefu.

Baadaye nilikuja kusoma habari za ripoti ya wakili Anton Valukas ya Juni 2014 kuhusu General Motors (GM), kampuni ya magari ya Marekani, nikakuta kuitikia kule kuna jina kabisa. Wenyewe walikuita itikio la GM: watu wanakubaliana mezani kwamba jambo fulani lifanywe, kila mmoja anainamisha kichwa, kisha wanatoka nje bila hata mmoja mwenye nia ya kulifanya. Ilikuwepo na saluti ya GM: mikono imepishana kifuani, kidole cha kila mkono kinamwelekea jirani. Wao hawakuwa wakijadili kelele ya mlango. Ilikuwa swichi ya kuwashia gari, iliyokuwa legevu kuliko kipimo cha kampuni yenyewe. Ufunguo ukigongwa na goti, au ukilemewa na mzigo wa funguo nyingine, unarudi nyuma. Injini inazimika gari likiwa mwendoni, usukani unakuwa mzito, na ajali ikitokea mifuko ya hewa haifunguki. Mwaka 2006 kipuri kile kiliidhinishwa kubadilishwa, lakini namba yake ikaachwa ileile, kwa hiyo waliokuja kuchunguza walihangaika miaka wakilinganisha magari wasijue kwamba ndani mna swichi mbili tofauti zenye jina moja. Magari milioni 2.6 yaliitwa kurudi mwaka 2014. Mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124.

Kuna kipande cha kisa kile ambacho magazeti yalikipita haraka, mimi kilinikaa. Serikali ya Marekani ilipoitoza kampuni faini ya dola milioni 35 Mei ya mwaka ule, ziliwekwa hadharani pia slaidi za mafunzo ya mwaka 2008 zilizowaelekeza wafanyakazi maneno ya kuepuka katika ripoti. Usiandike "tatizo", andika "hali" au "suala". Usiandike "kasoro", andika "haifanyi kazi kama ilivyobuniwa". Yalikuwa maneno 69 ya namna hiyo.

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Kwetu, fomu ya geti la mwisho ilikuwa na safu iliyoandikwa KASORO. Mwaka mmoja tulitoka likizo tukaikuta safu ileile inaitwa FURSA ZA UBORESHAJI. Kasoro mtu anaionea haya. Fursa anaipangia siku. Mlango usiokaa sawa ukawa fursa. Breki inayolia ikawa fursa. Kulikuwa na mzee mmoja tuliyekuwa naye pale getini, siku moja alikuta bolti ya usukani imekazwa kwa mkono tu, akajaza fomu kwa hati yake nzuri: "Fursa kubwa sana ya mtu kufa." Akaitwa ofisini. Hakuitwa kwa ajili ya bolti.

Hapo ndipo lilipo neno langu kwenu. Mashine zetu ni nzuri, nyingine bora kuliko za washindani, na vyuma tunavyonunua si vibaya. Ubora ulianza kushuka tangu habari mbaya ilipogeuzwa kuwa kosa la aliyeileta. Kile kinacholia kwenye mlango wa shemeji yangu ni ukimya wetu wa kiwandani. Umesafiri naye mpaka nyumbani.

Mnaifahamu kamba ya njano inayopita juu ya kila kituo kwenye laini. Lazima mnaifahamu, kwa sababu wageni hamkosi kuwaonyesha. Asili yake ni kwenye nguo. Sakichi Toyoda, kabla ukoo wake haujaunda hata gari moja, alikuwa mtu wa mashine za kufumia, na mashine yake maarufu ya mwaka 1924 ilikuwa na akili hii: uzi ukikatika, inasimama yenyewe, isiendelee kufuma kitambaa kibovu. Wazo hilo likahamia kwenye magari. Mfanyakazi akiona kitu hakiko sawa, anavuta kamba, na anapewa haki ileile iliyopewa mashine ya kufumia.

Nilipoanza kazi tulikuwa tunaivuta. Unavuta, kiwimbo kinalia, taa ya njano inawaka juu ya kituo chako, gari linaendelea kusogea taratibu kuelekea mwisho wa kituo, na kiongozi wa timu anakuja mbio akiwa na swali moja: "Nini?" Nini hakiingii, nini kimepinda, nini umeona? Mara nyingi mnamaliza kabla gari halijafika kwenye alama, laini haisimami hata kidogo. Isipowezekana, inasimama, na hakuna anayekuangalia vibaya.

Siku hizi kamba ikivutwa anakuja msimamizi, na swali lake ni "Nani?" Herufi moja tu imebadilika. Jina la aliyevuta linaandikwa, dakika zilizopotea zinaandikwa mbele ya jina, na mwisho wa mwezi karatasi inabandikwa karibu na mlango wa kantini, pale ambapo kila mtu lazima apite.

Kulikuwa na binti mmoja wa mkataba, ile mikataba ya miezi mitatu mitatu. Sitamtaja. Kazi yake ilikuwa soketi za mlango. Soketi ina namna yake ya kufungwa: isukume, isikie ikibofya, kisha ivute kidogo kuhakikisha imeshika. Kwa kelele za mle ndani mbofyo hausikiki kwa sikio. Unausikia kwa dole gumba. Wako wanaofanya kazi ile miaka na dole gumba lao ni kiziwi. Binti yule alizaliwa nalo. Wiki yake ya pili alivuta kamba mara nne kwenye zamu moja. Soketi zilizoletwa siku ile zilikuwa na ulimi mrefu kidogo, haziendi mpaka mwisho. Alikuwa sahihi kabisa. Sanduku lile nililipima mwenyewe. Karatasi ilipobandikwa, jina lake lilikuwa la kwanza juu, dakika tisa mbele yake.

Mkataba wake haukuongezwa. Hakuna aliyesema ni kwa sababu ya kamba, na hakuna aliyehitaji kuambiwa. Nilibaki pale miaka mitatu zaidi na sikumbuki kusikia kiwimbo cha kituo kile tena. Kwenye taarifa zenu bila shaka kilihesabiwa kuwa kituo cha mfano.

Soketi ya shemeji imetoka kwenye kituo kilekile.

Simlaumu aliyeiacha nusu. Wakati wangu kituo kile kilikuwa na sekunde 72 kwa gari. Kikashushwa hadi 60, halafu kikaongezewa kazi mbili za kituo jirani kilichofutwa. Nimeutengeneza mlango wa shemeji kwa dakika kumi na moja, nimekaa kwenye kigoda, na nilipomaliza umenyamaza. Sidai mtu wa laini apewe dakika kumi na moja. Lakini anayepewa kazi ya sekunde 80 katika sekunde 60 hafanyi uzembe anapoacha kitu. Anachagua kipi kiachwe. Anachagua peke yake, kila dakika, siku nzima, na uchaguzi wake mnakuja kuusoma kwenye gharama za waranti mwaka mmoja baadaye mkishangaa umetoka wapi.

Najua mtakavyoambiwa na wasaidizi wenu mkiisoma barua hii. Mtaambiwa vijana wa sasa hawana moyo wa kazi. Jibu la hoja hiyo lilikwishatolewa mwaka 1984 huko Fremont, California. General Motors walikuwa na kiwanda pale wakakifunga mwaka 1982, na kilikuwa na sifa mbaya kuliko karibu vyote: siku ya kawaida mfanyakazi mmoja kati ya watano hakuonekana kazini, watu walikunywa pombe zamuni, mivutano ya chama cha wafanyakazi na uongozi haikuisha. Kisha kikafunguliwa upya kwa ubia na Toyota, kikaitwa NUMMI. Wengi walioajiriwa walikuwa ni walewale, na chama ni kilekile. Wakapelekwa Japani kwa mafungu kujifunza, wakarudi wakakuta kamba imewekwa juu ya vichwa vyao na ruhusa ya kuivuta. Haukupita muda mrefu magari yao yakawa yanalingana kwa ubora na yale yanayotoka Japani, na utoro ukapungua sana. Mikono ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni swali waliloulizwa.

Cha ajabu, General Motors ndio waliokuwa wabia mle ndani, walijionea kwa macho yao, na bado miaka thelathini baadaye wakaandikiwa ripoti ya itikio la kichwa. Ndiyo maana nasita ninaposikia mnapeleka mameneja kwenye ziara za mafunzo. Kamba mnayo tayari. Kiwimbo mnacho. Vyote mlinunua.

Mtaambiwa pia kwamba siku hizi gari ni programu, kwamba likitoka na upungufu litasahihishwa kwa sasisho usiku likiwa limeegeshwa. Kwa skrini, sawa. Lakini mazoea hayo yameshuka mpaka kwenye vyuma. Wiki ya mwisho ya kila robo mwaka nilikuwa nasikia kauli hii getini: "Pitisha, litamaliziwa kwa wakala." Uwanja wa marekebisho nyuma ya jengo, uliojengwa kwa ajili ya magari machache yenye tatizo sugu, umejaa mpaka yanaegeshwa kwenye nyasi, na karatasi zimebandikwa vioo vya mbele zikipauka kwa jua. Siku ya hesabu uwanja unakuwa mweupe ghafla. Magari yale hayakupona. Yaliuzwa.

Na mtaambiwa kwamba kila kampuni kubwa hupitia kipindi kama hiki. Hilo ni kweli, na ndilo linalonitia hofu zaidi. Hata waliotufundisha kamba walijisahau. Toyota walikimbilia kuwa wa kwanza duniani kwa idadi, wakafika, na tarehe 24 Februari 2010 Akio Toyoda, rais wa kampuni wakati ule, alikuwa amekaa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani akieleza jinsi ukuaji wao ulivyokwenda mbio kuliko uwezo wa kufundisha watu. Alisema mpangilio wao wa jadi ulikuwa usalama kwanza, ubora wa pili, idadi ya tatu, na kwamba mpangilio huo ulivurugika. Angalau alisema kwa mdomo wake. Hata hivyo ndani ya nyumba yao hiyohiyo kulikuwa na Daihatsu, kampuni tanzu ya Toyota, ambao Desemba 2023 kamati huru ilibainisha kwamba walikuwa wakifanya udanganyifu katika majaribio, kesi ya zamani kabisa ikiwa ya mwaka 1989. Juu ya zilizokwisha kujulikana, ziligunduliwa kasoro nyingine 174 katika aina 25 za majaribio. Moja ilikuwa hii: mfuko wa hewa ulitakiwa kufunguliwa na sensa gari linapogongwa, wao wakautegea taima ufunguke wakati waliopanga. Kampuni ikasimamisha kupeleka magari yake yote sokoni, viwanda vyake vya Japani vikakaa wiki kadhaa bila kuunda gari.

Soma sababu walizoorodhesha wachunguzi wale, Ndugu Mkurugenzi Mkuu, utadhani walifanya mahojiano kwenye korido zetu. Ratiba ya kuunda gari jipya ilibanwa mpaka haina nafasi ya jaribio kushindwa hata mara moja. Wakubwa waliamuru tarehe, na kazi ya walio chini ikawa kuifikia kwa njia yoyote. Yule kijana wetu wa milango hakudanganya, hakutega taima. Aliitikia kwa kichwa tu. Lakini njia aliyowekwa ni hiyohiyo, yeye yuko mwanzoni mwake.

Sitaki mnielewe kwamba natamani enzi zilizopita. Zamani tulikuwa na mambo yetu mabaya: wasimamizi wanaorusha spana, wanawake wasiopandishwa cheo, vidole vilivyokatwa na kuitwa bahati mbaya. Hayo mmeyapunguza na nawapa haki yenu. Watu sasa hawatukanwi. Wanapewa tu alama, kwa sauti ya upole, na mkataba hauongezwi.

Mnachoweza kufanya hakihitaji kamati. Ing'oeni karatasi ya kantini. Kamba ihesabiwe kwa kituo na kwa kipuri, jina la mtu lisiwepo popote, na kituo ambacho hakijavutwa kamba mwezi mzima kipelekewe mtu akachunguze kuna nini, kama ambavyo daktari angeshtuka kwa mgonjwa ambaye haumwi mahali popote. Wa mkataba wasipoteze kazi ndani ya siku tisini tangu wavute kamba bila kiongozi wa juu ya msimamizi wao kueleza kwa maandishi. Rudisheni neno kasoro kwenye fomu. Hilo halina gharama kabisa, ni wino tu, lakini natabiri ndilo litakalopingwa kuliko yote, kwa sababu kasoro ikiandikwa kwa jina lake mtu wa ofisini hawezi tena kusema hakuelewa.

La majaribio yanayofutwa nalitaka kwa namna ya pekee. Leo jaribio linafutwa na "ratiba". Nimeuliza mara ngapi nani alilifuta jaribio la kutikisa mlango, jibu ni kwamba ratiba ilibadilika, kana kwamba ratiba ni hali ya hewa. Hapo ndipo mngeuliza "nani?" na hapo hamuulizi. Anayefuta jaribio aandike jina lake, aandike na anachokubali kibebwe na mteja badala yake: "Mimi fulani nimeona kava la mlango lisitikiswe kabla ya kuuzwa." Basi. Akiona haya kuandika sentensi hiyo, jaribio lifanyike. Na ule mgao wenu wa mwisho wa mwaka, unaopimwa kwa idadi ya magari yaliyotoka getini, upimeni kwa yaliyotoka na hayakurudi. Miaka miwili baadaye. Nyie mnaweza kusubiri. Wateja wanasubiri kwa wakala kila siku.

Kama hamtafanya, kazi hii wataifanya wengine. Mhandisi mmoja wa zamani wa Hyundai aliona tatizo la injini halishughulikiwi inavyotakiwa, akalipeleka nje kwa mamlaka za Korea Kusini na Marekani mwaka 2016, akafukuzwa kazi. Miaka mitano baadaye mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilimtunuku zaidi ya dola milioni 24. Vijana wa laini wanazo simu na habari hizo wanazisoma wakati wa mapumziko. Mimi binafsi ningependa waje kwenu kwanza. Nimeitumikia kampuni hii miaka kumi na tisa na bado nikiiona nembo yetu barabarani naangalia kwanza pengo la mlango.

Ndugu Mwenyekiti, nina ombi moja kwako peke yako. Chagua siku, usimwambie mtu, usije na msafara wala mpiga picha. Vaa ovaroli ya kawaida, koti la kijivu liache kwenye gari. Kituo cha soketi kiko jengo la pili, laini ya milango, nguzo ya kumi na nne. Kamba iko juu ya bega lako la kushoto. Ivute, usijitambulishe, subiri. Atakuja mtu mbio. Sikiliza neno lake la kwanza, kisha uniandikie ni lipi kati ya yale mawili.

Wenu,
Mkaguzi wa zamani, geti la mwisho